Barolo na ukakasi wake

Mara ya kwanza kuonja Barolo, ule mvinyo mwekundu wa Italia, niliutema. Wala sikuutema kistaarabu, kama wale waonjaji wenye ndoo zao za kutemea. Niliutema kwenye majani nyuma ya stoo, nikidhani hakuna anayeniona, kisha nikabaki napitisha ulimi kwenye meno kuhakikisha bado yapo. Kinywa kizima kilikuwa kimekauka na kujikunja kama cha mtu aliyeng'ata bibo kabla ya siku zake. Watu wa Mtwara na Lindi wananielewa. Kiswahili kina neno lake, tena neno zuri: ukakasi. Uchungu ni kitu kingine, na uchachu ni kitu kingine. Ukakasi ni ule ulimi kugeuka msasa.

Mwenye shamba alikuwa ameniona. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, na pale kijijini vijana wote walimwita Barba, ambalo kwa Kipiemonte ni mjomba, na huitwa hivyo hata mzee asiye ndugu yako. Nami nikamwita hivyo hivyo, maana kwetu pia mzee haitwi jina lake mbele ya watu. Hakukasirika. Alininyang'anya glasi, akauzungusha mvinyo, akaunusa, akasema, "Huu nimeutoa kwenye pipa. Haujamaliza hata mwaka. Umemwonja mtoto mchanga, halafu unashangaa analia."

Kwa wasomaji wangu msiokunywa: tulieni, hakuna mtu atakayewashika mkono. Humu mna udongo, ukungu, ugomvi wa baba na mwana, na hata dawa ya malaria. Mvinyo wenyewe mnaweza kuupisha.

Mimi ni mtu wa Dodoma, na kwetu mzabibu si kitu cha kwenye Biblia tu. Nimekua nikiiona Hombolo na Makutupora, nimepogoa, nimebeba kreti, nimefukuza ndege. Kwa hiyo nilipofika Torino kusoma, mfuko ukiwa mtupu na Oktoba imeingia, nikasikia kuna kazi ya kuvuna zabibu huko vilima vya Langhe, nilijiona fundi anayekwenda kuwaonyesha Wazungu kazi. Nilikwenda misimu minne. Ufundi wangu ulivunjwa ndani ya siku mbili.

Barolo ni kijiji kidogo kusini-magharibi mwa mji wa Alba, mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Kukiwa kweupe unaiona milima ya Alpi imejipanga upande wa magharibi, na Monviso, wenye mita 3,841, umejitenga mbele kama mkubwa wa ukoo. Mvinyo umechukua jina la kijiji, lakini sheria inaruhusu utengenezwe katika manispaa 11: Barolo yenyewe, La Morra, Castiglione Falletto, Serralunga d'Alba, Monforte d'Alba, na nyingine sita ambazo zote au sehemu yake tu zimo ndani ya mpaka. Mizabibu yote ya Barolo ikiwekwa pamoja inazidi kidogo hekta 2,000. Na zabibu ni ya aina moja tu, nebbiolo, bila kuchanganywa na nyingine yoyote.

Nebbiolo ina tabia ya mtoto wa mwisho. Inachipua mapema kuliko jirani zake, kwa hiyo baridi ya Aprili inaikuta imeshatoa majani mabichi. Halafu inaiva baada ya wote, Oktoba, dolcetto na barbera, zabibu nyingine za huko, zikiwa zimeshaingia ndani, wakati ukungu umelala mabondeni hadi saa nne asubuhi. Ukungu kwa Kiitaliano ni nebbia, na wengi wanasema jina lilitoka hapo. Wengine wanasema hapana, ni ile poda nyeupe inayoifunika tunda lenyewe, ambayo ukiipitishia kidole inafutika kama vumbi kwenye kioo cha gari. Nimevuna zabibu hiyo ndani ya ukungu nikiwa simwoni mtu wa mstari wa pili, naisikia mikasi tu ikikata, na sijaona haja ya kuchagua.

Siku ya kwanza nilipopewa mkasi wa kupogoa, ilikuwa Februari, nilifanya nilivyozoea nyumbani: nikakata fupi, nikaacha macho mawili. Barba alinishika mkono kabla sijafika mti wa tatu. "Hapo chini hamna kitu," alisema, akinionyesha yale macho ya kwanza kwenye tawi. Nebbiolo haizai kwenye macho ya karibu na shina. Lazima uache tawi refu, uliinamishe kwenye waya kama upinde, ndipo matunda yatoke huko mbele. Ukikata fupi kama nilivyokata mimi, utapata majani mazuri na kreti tupu. Ile miti miwili niliyoikata iliitwa "miti ya Dodoma" mpaka nilipoondoka.

Tena haikubali kupandwa popote. Wenyeji wana neno sorì, yaani mteremko unaotazama jua, na neno bricco, kichwa cha kilima. Nebbiolo hupewa sorì. Barbera na dolcetto hupewa kinachobaki, na bonde lenye baridi huachiwa miti ya hazelnati, ile inayokwenda kwenye viwanda vya chokoleti vya Alba. Kabla ya vipimo vya maabara, wazee walikuwa wanangoja theluji. Inapoanza kuyeyuka, unasimama upande wa pili wa bonde na kutazama ni wapi panaonyesha udongo kwanza. Hapo ndipo penye Barolo. Udongo wenyewe ni wa rangi ya majivu yenye buluu kwa mbali, mabaki ya chini ya bahari iliyokuwa hapo mamilioni ya miaka iliyopita. Upande wa La Morra ni laini zaidi, na mvinyo wake hufunguka mapema. Upande wa Serralunga na Monforte ni wa zamani zaidi na mgumu, na mvinyo wake unakukunjia uso kwa miaka. Barba alikuwa mtu wa Serralunga. Kumbe mwenzenu nilianzia kwenye kina kirefu.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wageni. Ukitazama Barolo kwenye glasi utadhani ni mvinyo mwepesi. Rangi yake si ile nyeusi ya damu. Ni nyekundu ya kupenya mwanga, unaona vidole vyako upande wa pili, na ukizeeka unageuka rangi ya tofali kwenye kingo. Harufu yake nayo ni ya upole, waridi lililokauka, na nyuma yake kitu kama lami ya barabarani mchana wa jua kali. Halafu unameza, na mlango unafungwa kwa kishindo. Ganda la nebbiolo lina rangi kidogo na tanini nyingi, kile kitu kinacholeta ukakasi, na tanini hushikana na protini za mate, zile zinazoulainisha mdomo. Ndiyo maana ulimi unakauka hata kama umejaa maji. Miaka ikipita tanini hizo hubadilika na kutulia, nyingine zikajikusanya na kuzama chini ya chupa kama mashapo, na kinachobaki kinalainika.

Kwa hiyo wameandika kungoja kwenye sheria. Barolo hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kutimiza miezi 38 tangu tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na kati ya hiyo isiyopungua 18 uwe ndani ya mbao. Ule wa akiba, riserva, ni miezi 62. Zabibu zilizokatwa Oktoba 2020 ziliingia sokoni Januari 2024. Mkulima wa kwetu anayedai pesa ya mavuno ya msimu uliopita ataelewa maana ya kuvuna leo na kuuza mwaka wa nne. Nilimwuliza Barba mtu anakula nini katikati. Akajibu, "Dolcetto." Alikuwa hatanii. Dolcetto huuzwa mapema, ndiyo inayolipa umeme wakati mkubwa amelala.

Ungedhani utaratibu huu umetoka enzi za Warumi, na mabango ya barabarani yanapenda udhani hivyo. Lakini mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 mvinyo wa nebbiolo wa vilima hivi ulikuwa mara nyingi mtamu-mtamu na haukutulia. Sababu ni ile ile ya kuchelewa kuiva: zabibu zinaingia ndani baridi ikiwa imefika, hamira inalala kabla ya kumaliza sukari, na joto la mwaka unaofuata linaiamsha, mvinyo unaanza kuchemka tena ndani ya chupa. Miaka ya 1830 Camillo Cavour, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana, alikuwa kijana meya wa Grinzane, na mashamba ya familia yake yalikuwa pale. Alimwajiri Paolo Francesco Staglieno, mwanajeshi aliyependa mvinyo kuliko bunduki na ambaye alikuwa ameandika mwongozo wa kuutengeneza mwaka 1835. Masimulizi ya zamani yanampa sifa zote Mfaransa Louis Oudart kwa kuufanya mvinyo uwe mkavu. Watafiti wa karibuni wanasema Staglieno alimtangulia. Huko vijijini suala hili bado linaweza kuharibu chakula cha Jumapili.

Mwingine asiyekosekana ni Giulia Falletti, mke wa mtawala wa Barolo, Mfaransa kwa kuzaliwa, jina lake la usichana ni Juliette Colbert. Hadithi yake maarufu ni ile ya mapipa: mfalme Carlo Alberto alimtania kwamba anausikia tu mvinyo wake bila kuuonja, naye akampelekea msafara wa mikokoteni yenye mapipa 325, moja kwa kila siku ya mwaka ukitoa zile 40 za Kwaresima. Kila kijana anayeuza mvinyo pale ataisimulia kabla hujaketi. Mimi ninalolipenda zaidi kwa mama huyu halina mkokoteni. Alikuwa akiingia magereza ya wanawake mjini Torino, akaona walivyowekwa, akapigania wapewe nguo, elimu na utaratibu wa kibinadamu. Hakujaliwa mtoto. Alipofariki mwaka 1864, mali yake ilibaki kwa shirika la hisani lenye jina la Barolo, ambalo lipo hadi leo.

Baada ya hapo fahari ilipungua kwa muda mrefu. Vita mbili, wadudu wa filoksera, ufukara. Barba alizaliwa kwenye nyumba ambayo ng'ombe walilala chini na watu juu, ili joto la ng'ombe lipande. Wazee wake waliuza zabibu kwa madalali uwanjani Alba, na dalali aliyejua mawingu yanakuja alikuwa anachelewa makusudi mpaka jioni, mkulima achoke, bei ishuke. Nilipomsikia nikacheka kwa uchungu, maana nimemwona dalali huyo huyo kwetu, sema tu amevaa kanzu nyingine. Vijana walikimbilia viwanda vya magari vya Torino. Kisha mwaka 1986 ikaja aibu ya methanoli: mvinyo wa bei ya chini uliotiwa sumu na watu wa mkoa huo huo uliua watu wapatao 20 na kuwapofusha wengine. Haukuwa Barolo, lakini mnunuzi wa nje haulizi hayo, anaona neno Italia anarudisha chupa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa umeshawaka kabla ya hapo, na chanzo chake ndicho kile kilichonifanya niteme nyuma ya stoo. Swali lilikuwa: ukakasi ufanywe nini?

Jibu la wazee ni kungoja. Unaacha maganda ndani ya mvinyo kwa wiki nyingi, mara nyingine mwezi mzima na zaidi, yamekandamizwa na mbao yasielee. Kisha unaulaza kwenye mapipa makubwa kuliko chumba changu cha Torino, ya mwaloni wa Slavonia huko Kroatia, yaliyozeeka kiasi kwamba hayana tena ladha ya kutoa. Jibu la vijana wa miaka ya 1980, walioitwa Barolo Boys, lilitoka Ufaransa: maganda yakae siku chache tu, mvinyo uwekwe kwenye barrique, pipa dogo la lita 225 la mwaloni mpya, utoke laini, mweusi kidogo, wenye harufu ya vanila, unaonyweka mapema. Walipunguza pia mavuno, wakikata vichala vibichi na kuviacha chini vioze ili vilivyobaki viive vizuri. Kwa watu waliokula njaa wakati wa vita, kutupa zabibu ardhini ilikuwa kama kumwaga unga.

Elio Altare wa La Morra ndiye aliyefika mbali zaidi. Mwaka 1983 alichukua msumeno wa injini akaingia ndani ya stoo ya baba yake akayakata yale mapipa ya kale. Baba yake akamwondoa kwenye urithi, na alifariki mambo hayajapoa. Upande wa pili alikaa Bartolo Mascarello, pale kijijini Barolo, kwenye kiti cha magurudumu siku zake za mwisho, akichora lebo kwa mkono. Moja iliandikwa kwa Kiitaliano chenye kejeli: hakuna barrique, hakuna Berlusconi, yule mwanasiasa tajiri wa Italia. Alikataa hata kutenga shamba moja moja kwenye chupa. Alichanganya zabibu za mashamba yake manne, Cannubi, San Lorenzo, Rué na Rocche, kama babu zake walivyofanya, akiamini penye upungufu wa moja nyingine itajaza. Alifariki mwaka 2005, na binti yake anaendelea vile vile.

Mimi nipo upande gani? Kinywa changu kipo kwa Mascarello. Lakini bila wale wenye misumeno dunia isingegeuza shingo kuitazama Langhe, na Barba mwenyewe alikiri kwamba bei ya zabibu zake ilipanda kwa sababu ya kelele za vijana, si kwa sababu ya ukimya wake. Yeye naye alijaribu. Mwaka 1995 alikopa akanunua barrique kumi na mbili. Leo zimekatwa nusu, zimepangwa mbele ya nyumba, zimepandwa rosemari na maua mekundu. "Hilo ni deni langu," aliniambia siku ya kwanza nilipozisifia. "Angalau linachanua." Siku hizi kambi zote mbili zimekutana katikati, mapipa makubwa yamerudi, na ugomvi umehamia kwenye jambo jingine, yaani joto. Mavuno yanawahi kuliko zamani na sukari imepanda.

Msimu wa tatu nilivuna na kijana wa Bukavu. Tulikuwa tunaongea Kiswahili kutoka mstari mmoja hadi mwingine, changu cha bara na chake cha Kivu, na wenyeji walidhani tunagombana. Jumamosi moja Barba alitupa glasi ndogo za kitu cheusi baada ya chakula. Kilikuwa Barolo Chinato, uliotungwa pale pale Serralunga mwishoni mwa karne ya 19 na mfamasia Giuseppe Cappellano: Barolo uliotiwa sukari na pombe iliyolowekwa magome ya mti wa kwinini, pamoja na viungo kama mdalasini na iliki. Zamani ulinywewa kama dawa, wa moto kwa mafua, na kwa homa za malaria. Mwenzangu alionja mara moja akaweka glasi chini. "Hii ni kinkina!" alisema. "Baba alikuwa anatosha maganda yake kule kwetu." Kutosha kwao ni kutoa. Na ni kweli, vilima vya Kivu vimejaa mashamba ya mti huo tangu enzi za Wabelgiji. Alimweleza Barba kwa mikono jinsi gome linavyochunwa na kuanikwa. Mzee alisikiliza kama mtu aliyeletewa habari za ndugu aliyepotea. Miaka yote hiyo amekunywa uchungu ule bila kujua mchunaji wake anafananaje.

Mwaka 2014 UNESCO iliviweka vilima hivi kwenye orodha ya urithi wa dunia, pamoja na ngome ya Grinzane Cavour. Kwenye mashamba yenye jina, hekta moja inapita bei ya euro milioni moja. Nafurahi kwa ajili yao. Ila kwenye picha za vijitabu vya utalii sijawahi kumwona mtu anayevuna. Wavunaji ni Wamasedonia, Waromania, Wasenegali, Wagambia, na msimu wangu wa pili, kabla sijarudi kwa Barba moja kwa moja, niliajiriwa kupitia ushirika mmoja wa vibarua ulioniandikia saa nne kila nilipofanya kazi saa tisa. Nilipouliza, nikaambiwa gari la kutuleta nalo lina gharama. Tulikuwa tisa ndani ya gari la watu saba. Nikiona chupa ya mwaka ule dukani, huwa nahesabu zile saa tano.

Msimu wa mwisho nilikuja na chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, nimeufunga ndani ya shuka la Kimasai usivunjike kwenye ndege. Nilijua hauwezi kusimama na Barolo na sikuuleta ushindane. Barba aliufungua kwa heshima zote, kwa kisu kile kile cha kizibo, akamimina kwenye glasi kubwa. Akanusa. Akanywa, akakaa nao kinywani muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mnavuna lini?" akauliza.

Nikamwambia tunavuna mara mbili kwa mwaka.

Aliweka glasi mezani. "Mara mbili? Sasa mzabibu unalala saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba kwetu hakuna theluji. Tukishavuna tunauacha ukae kavu kidogo, kisha tunapogoa, unaamka. Alitikisa kichwa polepole, akaitazama ile chupa kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayeamshwa saa kumi alfajiri kwenda kuchota maji. Kisha akajimiminia tena, ikajaa.